Gossip: neno la Kiingereza lililozaliwa kando ya kitanda cha mzazi



Kikundi cha wamama kinapoketi chini ya mti au kwenye baraza la kanisa, hakukosi mtu wa kupita njiani na kusema: "Wameanza songisongi yao." Hajauliza kama tunahesabu pesa za likelemba, kama tunapanga kumtembelea mgonjwa, ama kama tunamfundisha msichana aliye na mimba ya kwanza. Ameona wanawake kumi wamekaa pamoja, amesikia kicheko, basi amekwisha kukata hukumu. Na kuna mabwana wanaowakataza bibi zao wasije mkutanoni kwa sababu ya neno hilo moja tu.

Watoto wetu wanaosoma Kiingereza wana neno la namna hiyo. Ni gossip. Kamusi ya leo inasema kwamba gossip ni umbea, masengenyo, maneno juu ya watu wasiokuwepo, tena ni jina la mtu anayependa kuyaeneza. Hakuna mtu anayependa kuitwa hivyo.

Lakini maneno nayo yana ukoo, kama vile watu. Ukilifuata neno gossip nyuma, miaka mia tano, miaka elfu moja, hukuti umbea huko. Unakuta mtoto mchanga, maji ya ubatizo, mama anayesikia uchungu, na wanawake waliosimama pamoja naye. Juma hili tumeona vema tulifuate neno hilo hadi kwao, kisha tulirudishe mpaka kwetu.

Maneno mawili yaliyoungana

Watu waliozaa lugha ya Kiingereza walivuka bahari katika karne ya 5. Walitoka pande ambazo leo ni kaskazini mwa Ujerumani na Denmark, wakakaa katika kisiwa cha Britania. Lugha yao ya zamani wataalamu wanaiita Kiingereza cha Kale. Mtu wa London wa leo hawezi kuisoma asipojifunza kwanza.

Katika lugha hiyo kulikuwa na neno sibb. Maana yake ilikuwa udugu, ukoo, watu wa damu moja. Tena lilikuwa na maana ya pili, nayo ilikuwa amani. Kwa watu wale, kuwa ndugu na kuwa na amani lilikuwa jambo moja na neno moja. Katika Beowulf, utenzi mrefu wa Kiingereza cha Kale, malkia Wealhtheow anaitwa kwa jina lililoungwa kwa neno la amani pamoja na hilo sibb, kwa sababu ndoa ya binti wa mfalme ilikuwa kifungo cha amani kati ya makabila mawili. Sisi tunaoishi katika nchi iliyoumia kwa vita tunajua uzito wa jina la namna hiyo kwa mwanamke.

Sibb lilikuwa na jamaa katika lugha nyingine za karibu. Wajerumani hata leo wanasema Sippe kwa ukoo. Katika hadithi za watu wa kaskazini, bibi wa Thor, mungu wao wa radi, anaitwa Sif, na jina lake ni neno hilohilo la udugu. Wagothi nao, ambao Askofu Wulfila aliwatafsiria Biblia katika karne ya 4, walisema sibja. Pale Mtume Paulo anaposema juu ya kufanywa watoto wa Mungu, tafsiri hiyo inatumia neno lililojengwa juu ya sibja. Wataalamu wakilinganisha lugha hizi zote wanafika kwenye mzizi wa zamani zaidi, wenye maana ya "wa kwetu wenyewe". Ndiyo maana ya ndugu katika kila lugha: huyu ni wa kwetu.

Mwaka 597 mmisionari Augustino, aliyetumwa na Papa Gregori, alifika Kent, kusini mwa Uingereza, na watu wakaanza kubatizwa kwa wingi. Ubatizo ulileta udugu wa aina mpya. Mtu asiye wa damu yako alimshika mtoto wako mbele ya Mungu na mbele ya watu, akaahidi kumlea katika imani. Katika Kilatini, lugha ya Kanisa, mtu huyo kama ni mwanamke aliitwa commater kwa upande wa mama mzazi, yaani "mama pamoja nami". Waingereza waliunga maneno yao wenyewe. Walichukua God, yaani Mungu, wakachukua sibb, wakapata godsibb: ndugu kwa Mungu, ndugu wa kiroho.

Hapo ndipo gossip alipozaliwa, na kwa sauti njia yake si ngumu. Herufi d na s zikisemwa kwa haraka hukutana na kuwa s moja nzito. Godsibb ikawa gossib, kisha b ya mwisho ikageuka p. Jambo kama hilo lilipata pia neno lao la Injili, gospel, ambalo zamani lilikuwa godspel, habari njema. Nalo lilipoteza d yake njiani. Kwa hiyo gossip na gospel ni maneno yaliyotembea njia moja, lakini moja limebaki kanisani na lingine limetupwa barabarani.

Udugu uliokuwa na sheria

Tusifikiri kwamba godsibb lilikuwa jina la heshima tu, la kutajwa siku ya sikukuu na kusahauliwa. Lilikuwa udugu wa kweli wenye haki na makatazo. Tangu mwaka 530 Kaisari Justinian aliweka sheria kwamba baba wa ubatizo hawezi kumwoa binti aliyemsimamia. Mwaka 692 mkutano wa maaskofu uliofanyika Constantinople uliongeza kwamba msimamizi hawezi kumwoa mama wa mtoto yule, hata mama akiwa mjane. Kwa nini? Kwa sababu wamekwisha kuwa ndugu. Kumwoa ni kama kumwoa dada yako.

Mwaka 1014, wakati Wadani walipokuwa wakiishambulia Uingereza, Wulfstan, Askofu Mkuu wa York, alitoa mahubiri makali juu ya dhambi za taifa lake. Kati ya maovu aliyoyataja ni kwamba watu wengi wamewaua godsibb wao na watoto wao wa ubatizo. Yeye aliona kumuua ndugu wa kiroho ni uovu wa kutajwa pamoja na kuvunja viapo na kuuza jamaa utumwani.

Tuangalie tena jambo moja. Neno hilo lilikuwa la wanaume na la wanawake sawasawa. Baba wa ubatizo aliitwa godsibb, na mama wa ubatizo vilevile. Hakuna aliyelisikia akafikiria ulimi wa mwanamke.

Chumba cha mzazi

Miaka ilipopita, neno likapanuka. Ukimwita mtu ndugu wa ubatizo kila siku, mwisho wake jina hilo linakuwa la rafiki wa karibu. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alimchora mwanamke mmoja wa mji wa Bath aliyeolewa mara tano. Mwanamke huyo anamtaja gossib wake, mwanamke wa mjini kwao, ambaye alimweleza siri zake zote kuliko hata padri. Hapo neno limekwisha kuwa na maana ya mwenzangu, mtu wa moyo wangu.

Kisha likaingia ndani ya chumba cha uzazi. Katika Uingereza ya karne ya 16 na ya 17, mwanamke alipoanza kusikia uchungu, bwana wake alitumwa kuwaita wanawake. Alikuja mkunga, na pamoja naye walikuja majirani, dada, mashemeji na marafiki. Hao wote waliitwa gossips. Walifunga madirisha, wakaziba hata tundu la ufunguo, wakawasha moto. Walipika kinywaji cha moto kilichoitwa caudle, yaani uji mwepesi uliotiwa pombe au divai, mayai, sukari na viungo, ili mzazi apate nguvu. Wengine walimshika mikono, wengine walimwegemeza mgongo, wengine walisali. Bwana wa nyumba alibaki nje, akingoja.

Mtoto akizaliwa, kazi ilikuwa haijaisha. Mama alilala na kutunzwa muda wa karibu mwezi mmoja, na wanawake wale walikuja kumwangalia, kufanya kazi zake na kumchangamsha. Halafu walimsindikiza kanisani kumshukuru Mungu. Mama msomaji, ukiona hapo desturi za kwetu za kumchemshia mzazi maji, kumpikia uji na kumbebea mtoto, hukosei. Ni kazi ileile. Ilikuwa karibu sawa kila mahali, kwa sababu uzazi ni mmoja.

William Shakespeare aliijua maana hii nzuri. Katika mchezo wake wa The Comedy of Errors, mama mmoja anawapata watoto wake mapacha waliopotea tangu wadogo, sasa ni wanaume wazima. Mwishoni anawaalika watu wote kwenye karamu ya gossips, kama kwamba wanawe wamezaliwa siku ile. Ilikuwa karamu ya ubatizo na ya furaha.

Namna neno lilivyoangushwa

Basi, jina la ndugu wa kiroho liligeuka vipi kuwa tusi?

Halikugeuka kwa siku moja. Katika nusu ya pili ya karne ya 16 tunaanza kuona gossip likiandikwa kwa maana ya mtu, na hasa mwanamke, anayependa maneno yasiyo na maana. Shakespeare mwenyewe analitumia pia kwa maana ya bibi kizee anayekaa na kikombe chake cha pombe. Mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza. Chini ya neno gossip aliandika maana tatu. Ya kwanza ni msimamizi wa mtoto katika ubatizo. Ya pili ni mwenzi wa kunywa pombe. Ya tatu ni mtu anayezungukazunguka akipiga domo kama wanawake waliokwenda kumwona mzazi. Maana hizo tatu ni ngazi ambayo neno liliteremka: kutoka kanisani, hadi penye kikombe, hadi kwenye dharau. Mwanzoni mwa karne ya 19 neno likaacha kuwa jina la mtu peke yake, likawa pia jina la maneno yenyewe. Tangu hapo watu wengi wamesahau kwamba lilikuwa na Mungu ndani yake.

Sisi tunaona sababu mbili zilizosaidia anguko hilo. Kwanza, udugu wa ubatizo ulipungua nguvu. Katika karne ya 16 Uingereza iliachana na Roma, na makatazo ya ndoa kati ya ndugu wa kiroho yakaondolewa. Jina lililopoteza sheria yake hupoteza pia uzito wake.

Sababu ya pili ni ule mlango uliofungwa. Chumba cha mzazi kilikuwa mahali ambapo mwanaume hakuingia na hakusikia. Wanawake wa kila umri walikaa humo siku na usiku, na bila shaka waliongea: juu ya miili yao, juu ya ndoa, juu ya bwana anayepiga, juu ya bwana anayekunywa mshahara. Aliye nje ya mlango hujiuliza, "Wanasema nini juu yangu?" Waandishi wa wakati ule, karibu wote wanaume, walitunga vitabu vya kuchekesha juu ya mazungumzo ya wanawake penye kitanda cha mzazi. Walilopewa ni kicheko tu, kumbe wao wenyewe walizaliwa mikononi mwa wanawake walewale.

Wakati mwingine haikuwa kicheko. Katika Scotland na sehemu za kaskazini mwa Uingereza, tangu karne ya 16, wakubwa wa miji walitumia hatamu ya chuma kwa mwanamke aliyesemekana ana ulimi mbaya. Ilifungwa kichwani mwake kwa kufuli, na bamba la chuma liliingia kinywani kuukandamiza ulimi. Kisha mwanamke aliongozwa barabarani kama mnyama, watu wakimwangalia. Baadhi ya hatamu hizo zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho mpaka leo. Sheria ya Uingereza yenyewe ilikuwa na kosa lililomhusu mwanamke mgomvi wa maneno, na kosa hilo lilifutwa mwaka 1967 tu. 

Na jambo la ajabu ni hili: watu walewale waliodharau maneno ya wanawake waliyategemea mahakamani. Mwanamke aliyehukumiwa kufa akisema ana mimba, mahakama iliwaita wanawake, waape na kumpima. Wakisema ni kweli, adhabu ilicheleweshwa hadi ajifungue. Desturi hiyo iliendelea kisheria mpaka mwaka 1931. Kumbe ulimi wa mwanamke ulipohitajiwa kuokoa mtoto, uliaminiwa.

Kifaransa nacho

Asiyejua Kiingereza asiseme jambo hili halimhusu. Wengi wetu tumesikia neno la Kifaransa commérage. Linatoka kwa commère, na commère ni lile neno la Kilatini commater tuliloliona hapo juu: mama pamoja nami, yaani mama wa ubatizo wa mtoto wangu. Wafaransa na Waingereza walianza na maneno tofauti kabisa, lakini waliyaangusha katika shimo moja. Leo commère ni mwanamke mwenye domo.

Bwana wake wa lugha, compère, ambaye ni "baba pamoja nami", hakupatwa na mambo hayo. Alibaki kuwa rafiki na mwenzi, na kama ana ubaya, ni wa kumsaidia mwenzake katika hila fulani. Hakuna aliyesema kwamba compère ni mtu wa umbea. Watu wawili walisimama pamoja penye maji ya ubatizo, mmoja akaondoka na heshima yake, mwingine akaondoka na aibu. Tofauti yao ilikuwa moja tu: huyu ni mwanamke.

Wahispania wametunza pande zote mbili. Kwao comadre ni mama wa ubatizo, ni jirani rafiki, na kutoka neno hilo wamepata comadreo, umbea. Lakini wamepata pia comadrona, yaani mkunga. Lugha yao haijasahau ni kazi gani wanawake wale walikuwa wakifanya.

Kiingereza kina maneno mengine yaliyopita njia hiyo. Neno hussy, tusi kwa msichana asiye na adabu, zamani lilikuwa huswif, mama mwenye kutunza nyumba. Neno spinster lilikuwa jina la mwanamke anayesokota nyuzi, mwenye kazi na kipato chake. Baadaye likawa jina la kumcheka asiyeolewa. Moja lililopona ni midwife, mkunga. Mid yake ya zamani ni "pamoja na", na wif ni "mwanamke". Kwa hiyo midwife ni yule aliye pamoja na mwanamke.

Hapa tuonye juu ya hadithi moja inayosambaa katika simu. Inasema kwamba gossip linatoka kwa maneno go na sip, eti wanasiasa waliwatuma watu waende kunywa pombe kidogo na kusikiliza raia wanasema nini. Ni hadithi ya kuchekesha, lakini ni uwongo. Maandishi ya karne kumi yanaonyesha njia ya kweli tuliyoifuata. Hadithi hiyo nayo ni umbea juu ya neno la umbea.

Ulimi unaojenga na ulimi unaobomoa

Sasa tuseme ukweli wote, maana jarida hili halikuandikwa kutusifu tu. Umbea upo, na unaua. Babu zetu hawakusema bure: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Uingereza ileile ya chumba cha wazazi ilikuwa na sheria ya kuwaua wachawi tangu mwaka 1563 hadi 1736, na mashitaka mengi yalianza kwa maneno ya jirani kwa jirani: mtoto ameugua, ng'ombe amekufa, fulani aliniangalia vibaya. Mwaka 1612, katika eneo la Pendle, watu 10 walinyongwa mjini Lancaster kwa uchawi, wengi wao wanawake. Shahidi mkubwa alikuwa mtoto wa kike wa miaka kama tisa, Jennet Device. Alisimamishwa juu ya meza mahakamani akamshuhudia mama yake mwenyewe. Mama yake alinyongwa, na ndugu zake wawili vilevile.

Je, hayo ni ya kale tu, na ya Ulaya tu? Sisi tunajua wazee wanawake waliofukuzwa nyumbani kwao, na watoto waliolala barabarani, kwa sababu mtu mmoja alinong'ona neno "mchawi". Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi na kusema kwamba sheria inaadhibu jambo hilo. Na kumpakazia mtu sifa mbaya ni kosa katika sheria yetu ya jinai, lile tunaloliita kwa Kifaransa imputation dommageable. Mama anayesema, "Mimi nilisikia tu, sikuanzisha", asifikiri hiyo ni kinga. Moto hauulizi nani aliyeleta kijinga cha kwanza.

Kwa hiyo si kila mazungumzo ni mema, na si kila mazungumzo ni umbea. Tunayatofautisha vipi? Neno lenyewe limetuonyesha. Godsibb alikuwa ndugu, tena sibb ilikuwa amani. Basi kabla ya kufungua mdomo juu ya mtu asiyekuwepo tujiulize mambo matatu. Neno hili linamfanya awe wa kwetu, ama linamtoa nje? Linaleta msaada, ama linaleta mashahidi wa aibu yake? Na je, kama angeingia sasa hivi, tungeendelea kusema ama tungenyamaza?

Tukisema, "Mama fulani amekosa mikutano miwili, mtoto wake anaumwa, nani ataenda kumwona?", huo si umbea. Ni kazi ya godsibb. Tukimshauri msichana aende kupimwa mimba yake mapema, tukimwambia mwenzetu kwamba damu nyingi baada ya kuzaa si ya kungoja, tukimsikiliza anayepigwa nyumbani na kumsindikiza mahali pa msaada, hayo pia yanasemwa kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Anayepita njiani atayaita songisongi. Acha ayaite. Maneno ya namna hiyo yameokoa watu.

Tena sayansi imekuja kuwapa haki wanawake wale wa zamani. Katika maelekezo yake ya mwaka 2018 juu ya uzazi, OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, inapendekeza kwamba kila mwanamke awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wa kukaa naye wakati wa uchungu na wa kujifungua. Utafiti umeonyesha kwamba mwanamke asiyeachwa peke yake ana nafasi kubwa zaidi ya kuzaa kwa njia ya kawaida, na uchungu wake unakuwa mfupi kidogo. Hakuna dawa katika hilo wala mashine. Ni mtu wa kukaa kando ya kitanda, kushika mkono na kusema, "Niko hapa." Muuguzi na mkunga wanafanya kazi yao, na mwenzi anafanya yake. Wanaposema maternite haina nafasi ya msindikizaji, tunaweza kuuliza kwa heshima kama kweli haiwezekani hata mmoja.

Kwa mkutano ujao

Tunaomba kila kikundi kichukue dakika chache katika mkutano ujao kwa mambo mawili.

La kwanza: tujue kati yetu nani anangojea kujifungua katika miezi hii mitatu, na tumwulize mwenyewe anataka nani awe naye siku hiyo. Tusimchagulie. Jina liandikwe, na huyo aliyechaguliwa ajue njia ya kufika hospitali usiku, na nani atabaki na watoto wake.

La pili: tukubaliane jibu moja kwa anayesema kwamba tunakutana kwa umbea. Tusigombane naye. Kifungu cha 37 cha Katiba kinahakikisha uhuru wa kuunda mashirika, lakini hata kabla ya sheria tuna matendo yetu. Tumwonyeshe daftari la likelemba. Tumtajie wagonjwa tuliowatembelea. Na kama ni bwana wa mmoja wetu, tumkumbushe kwa upole ni akina nani waliokuwa chumbani siku mtoto wake alipozaliwa, wakati yeye alikuwa nje akingoja.